Naomba ushauri: tunataka kuendesha baiskeli kuchangia saratani ya ovari, tusije tukakosea

Binti_wa_Mama
Habari zenu wadau. Mama yangu alifariki mwaka jana kwa saratani ya ovari. Miezi saba mfululizo alilalamika tumbo kujaa, akila vijiko vitatu ameshiba, na muda wote huo alikuwa anatibiwa vidonda vya tumbo. Ilipogundulika ilikuwa imeshasambaa tumboni.

Mimi na wenzangu tunaoendesha pamoja kila Jumamosi tumeamua kufanya safari ya kilomita 100 kwa kumbukumbu yake, kila mwendeshaji atafute watu wa kumchangia. Tumefika 14. Nimekwama hapa: marafiki wa mama nao wanataka kushiriki, ila wengi wamepita miaka 55 na barabara hawaiwezi. Halafu pesa, tupeleke kwenye utafiti au kwenye elimu? Na fulana nimepanga ziandikwe "Wahi kapime saratani ya ovari". Kesho kutwa napeleka kwa mchapaji, kwa hiyo mwenye neno aseme mapema. Natanguliza shukrani.

Pedeli_Moja
Pole sana dada. Nimeshaandaa mbili za namna hii, moja ya barabarani na moja ya ndani. Kwako naona ya ndani inafaa zaidi. Unatafuta ukumbi na baiskeli za mazoezi kama 10, kila moja inakuwa na timu yake, watu wanapokezana kila nusu saa na baiskeli haisimami kwa saa sita. Huhitaji kibali cha barabara wala gari la kufuata msafara, na mama wa miaka 60 anakaa kwenye kiti sawa na kijana.

Michango ichukueni kabla ya siku yenyewe. Ahadi za "nitatoa kwa kila kilomita" zinasumbua sana kufuatilia, watu wakishapiga makofi wanasahau. Na gharama za ukumbi tafutieni mfadhili wake pembeni. Kule Marekani kuna safari ya baiskeli ya kuchangisha pesa inaitwa Pan-Mass Challenge, Billy Starr aliianza mwaka 1980 na waendeshaji 36, wakapata dola 10,200 hivi. Siku hizi kila dola inayoletwa na waendeshaji inakwenda Dana-Farber, taasisi ya matibabu na utafiti wa saratani, gharama za uendeshaji zinalipwa kwa njia nyingine. Mchangiaji akijua hivyo, mkono wake unakuwa mwepesi.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Pole kwa msiba, mdogo wangu. Tafadhali simamisha hizo fulana.

Kwa mwanamke asiye na dalili wala historia katika familia, hakuna kipimo kilichothibitika kuokoa maisha kwa saratani hii. Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 200,000, baadhi wakipimwa damu kuangalia CA-125, protini inayoweza kupanda mtu akiwa na saratani hii, na wengine altrasaundi. Majibu yaliyotoka 2021 yalionyesha kwamba vifo havikupungua. Sasa mtu akisoma fulana yako ataenda kupima mlango wa kizazi, aambiwe yuko salama, arudi nyumbani ametulia. Kipimo kile hakiangalii ovari kabisa. Nimewaona wanawake wa namna hiyo wodini, na wanauliza swali moja: "Si nilipima?"

Andika dalili: tumbo kujaa, kushiba haraka, maumivu ya tumbo la chini au nyonga, kukojoa mara kwa mara au kwa kubanwa ghafla.

Mdau_Kimya
Lakini nesi, hizo si kila mwanamke anazo? Mtajaza watu hofu.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Swali zuri. Tofauti ni kwamba ni mpya kwake na haziondoki. Mwongozo wa Uingereza unazungumzia zaidi ya mara 12 kwa mwezi, hasa kwa waliofika miaka 50. Gesi ya leo na kesho haihusiki. Mama wa huyu dada aliumwa miezi saba.

Na wewe mwenye uzi, nikuulize kwa upole: wewe na ndugu zako mmezungumza na daktari kuhusu jeni za BRCA1 na BRCA2? Anayerithi kasoro kwenye jeni hizo hatari yake inapanda sana, na zipo hatua za kuchukua kabla ya ugonjwa.

Maabara_ni_Kwetu
Kuhusu pesa, mimi ningegawa. Elimu ni ya leo, ila kipimo ambacho nesi anasema hakipo kitatoka maabara. BRCA1 ilipatikana 1994, dawa ya olaparib ikaidhinishwa Marekani 2014 kwa wagonjwa wa ovari wenye kasoro hizo. Miaka 20 ya watu kuchangia kidogo kidogo na serikali kuongeza. Mkipeleka, andikeni barua kwamba ni kwa saratani ya ovari tu, la sivyo itaingia mfuko wa jumla. Akaunti iwe na watia saini wawili, risiti ziwekwe wazi.

Raundi_ya_Pili
Mimi ni mgonjwa. Ilirudi baada ya miaka miwili, sasa niko kwenye dripu tena. Nusu saa siwezi, dakika kumi naweza. Naomba mtenge zamu fupi, na zisiwe za huruma mwishoni watu wakishaondoka. Tuwekeni katikati.

Binti_wa_Mama
Nimesoma zote, nimelia, nimempigia mchapaji. Fulana zitabeba dalili nne mgongoni, kwa herufi kubwa, ili anayeendesha nyuma yako azisome zamu nzima. Tunafanya ndani, Jumamosi iliyo karibu zaidi na 8 Mei, siku ya dunia ya saratani ya ovari. Pesa nusu kwa nusu, na barua nitaiandika mwenyewe.

Kuhusu BRCA, hapana, hatujawahi kuzungumza. Tuko wasichana watatu. Jana usiku nimewatumia dada zangu uzi huu, na Jumatatu tunaenda wote.

Raundi_ya_Pili, zamu ya saa ya tatu ni yako, baiskeli namba moja. Mimi nitakupokea.