Jetiski ya kusimama ya kupiga sarakasi: SuperJet ya zamani, SuperJet mpya ama SX-R? Niko Nairobi

MwasWaMaji
Habari zenu wadau. Niko South B, kilo 88, miaka miwili nimekuwa nikikodi zile jetiski za kukalia Diani na Naivasha na sasa zimenitosha, nataka ya kusimama. Sio ya kukimbia, ni ya kuchezea, kuruka, kuzamisha pua, kujiviringisha kwa ubavu, na siku moja Mungu akipenda nipinduke kinyumenyume na nitue miguu ikiwa bado ndani. Nimeona tatu za mtumba. Moja ni Yamaha SuperJet tustroki (ile ya kuchanganya oili na petroli) ya 2006, ingine SuperJet fostroki (haichanganywi) ya 2021, ya tatu Kawasaki SX-R ya 2018. Moyo unanivuta kwa SX-R juu ina farasi 160 na hizo zingine haziikaribii. Wikendi nyingi nitakuwa Naivasha, Diani kama mara nne kwa mwaka. Nisaidieni kabla sijaachilia pesa.

FundiKariz
Mwas, usichague kwa farasi. Hiyo SX-R ni mashine nzuri sana, injini ya silinda nne, sisi (cc, ukubwa wa injini) 1,498, lakini ina uzito wa kama kilo 250 na urefu wa mita 2.65, ilitengenezwa ya kuzunguka maboya kwa kasi ikae imara isiyumbe. Sasa kwa sarakasi wewe unataka kitu kiyumbe, unataka uvute mkono wa usukani, urudishe uzito nyuma na pua iamke na wewe. Ile SuperJet ya 2006 ni sisi 701, silinda mbili, farasi 70 na kidogo tu, lakini iko kilo 130 na kitu na urefu ni mita 2.24. Ukigawa farasi kwa kilo bado SX-R inashinda kwa karatasi, lakini mwili wako hauinui karatasi, unainua pua. Kilo 250 ukiangusha mara thelathini kwa siku, na mwanzo utaangusha, saa nne asubuhi mikono imekwisha unaenda nyumbani.

NaivashaJumapili
Mi niko na hiyo ya 2021 kwa hivyo wacha niiongelee. Silinda tatu, sisi 1,049, kama farasi 100, kilo 170 hivi, na ni ndefu kidogo kuliko ile ya zamani, iko mita 2.43. Watu wa sarakasi wanaiponda ati ni nzito, na kwa kuruka ni kweli nzito. Lakini kaka, wewe ni kilo 88 na hujawahi kusimama. Ile fupi ukiwa umepunguza mafuta inazama na wewe, lazima uinuke kwa magoti huku unavuta mafuta, ukichelewa kidogo umeanguka. Yangu inanibeba. Wiki ya kwanza nilikuwa nimesimama, rafiki yangu na ya tustroki alichukua karibu miezi miwili ya wikendi. Na asubuhi nabonyeza inawaka bila moshi, hakuna kuchanganya oili, hakuna kubembeleza. Kitu kimoja tu, ikiwa na shida sio fundi yeyote wa barabarani, inataka mtu wa kuichomeka kompyuta.

MwasWaMaji
@FundiKariz hapo kwa kilo nimekuelewa, SX-R naiondoa. Sasa kati ya SuperJet mbili? Na kuna mtu ameniambia tustroki ni kichwa ngumu ukiihamisha kati ya Naivasha na Pwani, ni kweli ama ni maneno ya watu?

FundiKariz
Ni kweli, na hii ndio sehemu watu wa Nairobi wanapoteza injini kwa hivyo soma polepole.

Naivasha iko karibu mita 1,880 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi, kama robo tatu na kidogo ya ile ya Diani. Injini yoyote isiyo na tabo (turbo) inapoteza kama sehemu moja kwa tano ya nguvu, kwa hivyo farasi zako 73 huko zinakuwa kama 60. Hiyo haina dawa. Sasa ile ya 2006 ina kabureta mbili, na kabureta haijui uko wapi. Imepimiwa hewa ya baharini, ukiifikisha Naivasha petroli inakuwa nyingi kuliko hewa, inakohoa, plagi zinakuwa nyeusi, inachelewa kuitika ukivuta, na kwa sarakasi kuitika ndio kila kitu juu unataka nguvu hapo hapo wimbi linapokuinua. Fundi anafanya nini, anaweka jeti ndogo, yaani vile vitundu vya kupitisha petroli ndani ya kabureta, mashine inakuwa tamu, unaisahau. Miezi mitatu baadaye unaifunga kwa trela unashuka Diani na zile jeti ndogo. Hewa nzito, petroli kidogo, na kwa tustroki petroli ndiyo inabeba oili. Mchanganyiko unakauka, pistoni inapata joto, inavimba, inashika.

Nililetewa moja namna hiyo Desemba iliyopita. Jamaa aliendesha dakika ishirini, akasema ilikuwa inaruka kuliko siku zote, na ni kweli injini ikielekea kukauka huwa inasikika kali na tamu kabla inoki. Nilipofungua, pistoni ya nyuma ilikuwa imechubuka upande wa ekzosi, mistari wima kama mtu amekwaruza na msumari, na aluminiamu imepakwa kwa ukuta wa silinda. Bodi haikuwa na hata alama moja.

Kwa hivyo ukichukua ya 2006 uwe na seti mbili za jeti kwa kopo, moja umeandika NAIVASHA ingine BAHARI, na ubadilishe kabla ya kushusha majini. Ni kazi ya saa moja na nusu ukizoea. Ya 2021 inajipimia hewa yenyewe kwa sensa, hiyo shida haina.

BintiLikoni
Asalaam aleikum kaka zangu wa bara. Mwas, hapa kwetu usije na mawazo ya ziwa. Kaskazi bahari inatulia, ndani ya mwamba maji yakijaa ni kama bwawa, pazuri pa kujifunzia. Kusi ndio kuna mawimbi ya kurukia, lakini maji yakitoka usiruke karibu na mwamba, na mwani unaingia kwenye greti ya chini pampu inavuta hewa mashine inapiga kelele haiendi. Zima kwanza, vua kamba ya mkononi, ndipo utie mkono.

Mimi nina ya kabureta mwaka wa tano sasa. Naipenda kwa sababu moja, hapa pwani kila fundi wa mashine za wavuvi anaijua tustroki, hata sikukuu nikikwama napata mtu. Chumvi lakini haina huruma. Kila ukitoka baharini uioshe ndani kwa maji baridi ya mfereji: washa injini kwanza ndipo ufungue maji, na ukimaliza funga maji kwanza ndipo uzime. Ukikosea ukaanza na maji, yanarudi kwa ekzosi mpaka kwenye silinda. Na ikipinduka iinue kwa upande ule unaoonyeshwa kwenye stika ya nyuma, sababu ni hiyo hiyo.

Otis_Kisumu
Na zile bodi za kaboni zilizotengenezwa kabisa kwa sarakasi, kama za Rickter ama Krash? Huko nje ndizo wanapindukia.

FundiKariz
Ndizo, na kupinduka kinyumenyume kwa maji tulivu bila wimbi kunataka namna hiyo, bodi nyepesi na injini iliyopanuliwa mpaka sisi 900 ama 1,000. Lakini hizo injini zikiwa na kompresheni ya juu hazitaki super ya kawaida ya petroli stesheni, spea ni kuagiza na kungoja, na mtu anayeanza ataivunja kabla aijue. Ajifunze kwa SuperJet, injini ya 701 baadaye inaweza kuhamishiwa kwa bodi nyepesi. Hiyo ni faida ingine ya ile ya zamani.

NaivashaJumapili
Mwas popote utakapoamua, Naivasha kaa mbali na mafunjo asubuhi na jioni, kiboko hakuoni kama mchezo. Na ukiona gugumaji limesogezwa na upepo zunguka, usipite katikati.

MwasWaMaji
Nimerudi. Jana nilienda kuona ya 2006, nilibeba geji ya kompresheni (ya kupima vile silinda inagandamiza hewa) kama Fundi alivyoniambia kwa inboksi. Silinda ya mbele imesoma psi 120, ya nyuma 118. Nimesoma kwa mtandao ati inafaa kuwa 150, nikavunjika moyo, nikamwambia muuzaji nitafikiria.

FundiKariz
Umevunjika moyo bure. Hiyo 150 ni ya usawa wa bahari. Nairobi hewa ni ile nyepesi, injini nzima ya aina hiyo inasoma kama 120 hapa. Kitu cha kuangalia ni tofauti kati ya silinda mbili, na yako ni 2 tu. Injini iko sawa. Rudi, lakini sasa ipime kilo. Bodi za umri huo zina sponji ndani, nyuma chini ya pale unaposimama, na zikipata ufa sponji inanyonya maji miaka na miaka.

MwasWaMaji
Tumeipima na mizani ya magunia ya viazi, tangi tupu, vijana wanne wakiinua. Imesoma 161.

BintiLikoni
Subhanallah, hizo ni ndoo nzima za maji umebeba.

FundiKariz
Karibu kilo 30 za maji. Ndio maana muuzaji anasema ni mvivu kuamka, sio injini. Sponji inatoka, ni kazi chafu ya siku mbili halafu kuziba na fiba. Mwambie apunguze bei.

MwasWaMaji
Amepunguza elfu themanini. Nimeilipia, iko kwa trela nje ya nyumba. Jeti za NAIVASHA na za BAHARI nimeagiza zote. Fundi nije lini?

FundiKariz
Jumanne. Injini usiiguse, na uje na kisu kirefu cha mkate ambacho hutakitaka tena jikoni.