Unasafiri nje ukitokea Arusha au Moshi? Tupeane uzoefu wa maandalizi na kubana matumizi

Habari za jioni wakuu. Binti wa kaka yangu hapa Moshi amepata chuo Ujerumani, na ukoo mzima unachanga. Nikimsaidia kufuatilia makaratasi nimeona jambo moja: tunaumiza kichwa na bei ya tiketi, kumbe hela inavuja kwenye kukimbizana dakika za mwisho. Herufi moja ikipishana kati ya cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na vyeti vya shule, ni kiapo, ni nauli, ni kusubiri. Tulianza na hilo kabla ya kulipia pasipoti, 150,000. Ubalozi uko Dar, hivyo kila anayeshuka huko anabeba shughuli zote kwa mkupuo. Zito zaidi ni akaunti maalumu ya mwanafunzi: euro 11,904 za mwaka mzima ziwekwe kwanza, kisha atakuwa anatoa 992 kwa mwezi. Familia nyingi hulisikia hili chuo kikiwa kimeshajibu. Karibuni, semeni yenu.

Mama wa Kiboriloni: Hongereni mdogo wangu. Mimi nilikwenda Uholanzi kumwona mjukuu. Ada ya viza ya Schengen, ile ya matembezi mafupi Ulaya, ni euro 90 na ukinyimwa hairudi, kwa hiyo usipeleke maombi nusunusu. Bima iwe ya euro 30,000 au zaidi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15, ila hizo 15 usizitegemee. Benki, acha hela iingie kidogo kidogo. Mamilioni yakitua wiki moja kabla, wanauliza yametoka wapi, na wana haki. Koti la baridi nilichambua mitumba ya soko la Memorial hapa Moshi, zito na zima kabisa, huko dukani lingenimaliza. Na jamani, nyama na maziwa hawaruhusu kuingiza Ulaya hata kama ni zawadi ya mkwe. Bebeni kahawa yetu.

Wa Sakina, Arusha: Shikamoo mama. Mimi hufuata mzigo Guangzhou, China. Wengi husema pandia ndege Nairobi ni nafuu kuliko KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro. Inawezekana, lakini piga hesabu yote: shato ya Namanga, chakula, na kitanda cha Nairobi kama ndege ni ya alfajiri. Kenya hatudaiwi viza, hiyo ni ahueni. Nikiona tofauti imeliwa na njia, napandia KIA nalala kwangu. Dola tafuta mapema. Tangu msako wa 2018 maduka ya kubadilishia hapa mjini yalipungua sana, na benki wanaweza kukuambia rudi kesho. Kataa noti za dola za zamani, zile za vichwa vidogo, huko mbele zinakataliwa au unapunjwa. China WhatsApp na Google zimefungwa, mwambie mama watoto mapema asije akadhani umepotea. Lipa kwa Alipay, app yao ya malipo ya simu, iunganishe na kadi ukiwa bado nyumbani.

Wa Usa River: Naongezea chanjo ya homa ya manjano. Cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na sasa ni cha maisha. Wanaopeleka wagonjwa India wakipitia Addis au Nairobi wasilichukulie poa. KIA pia, kama begi ni jepesi na ni mchana, basi la Arusha–Moshi linakushusha njia panda ya KIA, unamalizia na bodaboda. Usiku chukua teksi, elewaneni bei kabla hujapanda.

Mleta mada: Asante sana mama na wakuu. Kesho asubuhi tunakwenda Memorial.