Mnaorudi nyumbani watoto wameshalala, tupeane uzoefu

Mzee wa Kibamba: Wadau, leo umeme umekatika kazini, tukaruhusiwa mapema. Saa kumi jioni niko getini. Mwanangu wa miaka minne kuniona tu, kamkimbilia mama yake: "Mama, kumbe leo Jumapili?" Nimekosa jibu. Natoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi Posta, narudi saa tatu usiku. Wenzangu mnafanyaje?

kichuguu: Umenigusa mkuu. Barabara njia nane Kimara mpaka Kibaha, na bado watoto wetu tunawajua kwa nyayo zinazotokeza kwenye chandarua.

Mama Wawili: Wangu namwamsha saa kumi na nusu, tunakunywa chai wote, anarudi kulala.

Mjuaji: Unamtesa mtoto.

Mama Wawili: Wako unamlea wewe au dada wa kazi?

Sinza Damu: Si mhamie mjini?

kichuguu: Kodi ya miezi sita utanilipia?

Mnyaki wa Mbezi: Mama alinitumia kiroba cha parachichi kwa basi kutoka Tukuyu. Stendi ya Mbezi naipita kila siku. Jumatatu nikasema kesho. Jumanne kikao. Mama anapiga, "Umeupata mzigo?" Nakupigia mama, niko kikaoni. Nimekwenda Ijumaa, kiroba kinachuruzika, kijana wa mizigo kaziba pua. Nikatupa chote palepale. Usiku nikampigia, nikamwambia zilikuwa tamu sana. Alifurahi! Akasema ndizo za mwisho za ule mti wa nyuma ya jiko, wameukata wapande miche ya Hass, zile parachichi za kisasa za biashara. Kaniwekea zote, yeye hakuonja hata moja. Nikapanga Desemba niende nimwambie ukweli, tucheke. Tulimzika Oktoba.

kichuguu: Dah. Pole sana ndugu yangu.

Mwana Njombe: Pole mkuu. Ila Hass yenyewe ni ya Njombe, Rungwe mnajitahidi tu.

Mama Wawili: Mtu analeta msiba, wewe unaleta soko?

Mwana Njombe: Nimetanguliza pole, hujaiona?

Konda Mstaafu: Dawa ndogo: ukifika nyumbani, simu itie kwenye ndoo ya unga. Yangu iliharibika, lakini mtoto sasa anajua kusoma.

Sinza Damu: Mnyaki, samahani kaka. Mabasi ya Mbeya yanashusha mizigo saa ngapi hapo stendi? Nina kiroba cha bibi kinakuja kesho, nilitaka nikipitie wikiendi.

Mnyaki wa Mbezi: Usiku. Nenda usiku huohuo.