Mnaowachezea ndege spika pale Dunga, hiyo tabia iishe!!

Jameni wadau wa ndege, leo nitaongea vibaya na atakayekasirika akasirike.

Kuna hawa wapiga picha wa wikendi wanaokuja Kisumu na malenzi yao ya bei, wanapanda boti Dunga bichi pale Ziwa Victoria, na kabla hata injini haijapoa mtu ashatoa spika ya blututhi anacheza mlio wa yule tiva wa mafunjo, ndege wa kwenye hayo majani marefu ya kinamasi, kwa sauti ya disko matanga ndio atoke. Ndege hatoki, anaongeza volyumu. Bado, anarudia tena. Jana akatoka maskini, tumbo jekundu, utosi wa manjano, ameshikilia bua la funjo chini kabisa karibu na maji, anageuka huku anageuka kule anatafuta adui ambaye hayuko, mwenzake anaita kutoka ndani, na boti nzima kachakachakacha na makamera. Nikasema zimeni hiyo kitu. Naambiwa eti "tulia mzee, ni dakika mbili tu".

Dakika mbili zako wewe! Na za boti iliyotangulia? Na za ile iko nyuma yako? Huyo ndege akisikia huo mlio anajua kuna mwingine amevamia kwake, so anaacha kula, anaacha kiota, anakuja kupigana na simu yako. Siku nzima hivyo, na kila boti inajiona ndiyo ya kwanza.

Halafu huyu si yangeyange ukimsumbua hapa anaenda zake kutua kwa mpunga Ahero. Huyu nje ya mafunjo hana maisha, na mafunjo yenyewe mnaona vile yanachomwa watu wapate shamba, na mji nao unasukuma kutoka upande ule mwingine. Atahamia wapi, mtaani Kondele?

Na msiniletee ile story eti akina mama wanaokata mafunjo ya mikeka ndio wanaoharibu. Funjo likikatwa kwa kiasi linachipuka tena, na sijawahi kuona mama wa mikeka amebeba spika.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba spika haihitajiki hata!! Fika saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua halijakuwa kali, mwambie mwenye boti azime injini, nyamaza. Hao ndege wanaimba wawili wawili wenyewe, mmoja anaanza mwingine anadakia mpaka unadhani ni ndege mmoja. Usipomwona basi umemsikia, enda ukule samaki yako urudi siku nyingine.

Nyinyi wenye boti pia, mteja akitoa spika mwambieni hapana, mbona mnaogopa?

Na wewe wa jana, picha nimeiona ushapost, eti "subira huvuta heri". Subira gani, na hiyo spika ilisikika hadi kwa wakaanga samaki? Ifute, ama uandike hapo chini vile uliipata.