Mjadala: Vumbi la tanuru za chuma Dar, tulifunge kwenye saruji au tuvune zinki?

Wakuu, sisi wa Chang'ombe na Vingunguti tunaishi ubavuni mwa viwanda, kwa hiyo naleta hoja.

Chuma chakavu kinayeyushwa pamoja na mabati yake. Chuma kinataka nyuzijoto zaidi ya 1,500, ila zinki iliyopakwa kwenye bati inachemka kwenye 907 tu. Inapaa kuwa mvuke, inapanda na metali zenye sumu, yaani risasi na kadimiamu, kisha inanaswa kwenye vichujio ikiwa laini kama unga wa muhogo. Tanuru za tao la umeme (zinazoyeyusha chuma kwa cheche kali za umeme) hutoa kilo 15 hadi 20 za vumbi hilo kwa kila tani ya chuma.

Msimamo wangu: lisichanganywe na saruji, likagandishwa kuwa tofali na kuzikwa. Likae kavu kwenye ghala moja lenye paa na sakafu ya zege, kila kiwanda kilipie kwa tani. Likitosha, lipelekwe kwenye tanuru ya kuzunguka, lichomwe na makaa kwenye nyuzijoto kama 1,200, zinki itoke tena na kuuzwa.

Mchangiaji 1: Mkuu, likitosha lini? Tanuru hiyo ili ijilipe inataka maelfu ya tani kila mwaka. Masika yakija mafuriko ya Mto Msimbazi hayangoji ghala, na watu wanalima mchicha bondeni. Saruji tunayo hapa hapa. Lifungwe leo.

Mchangiaji 2: Mimi ni fundi tofali. Zinki inachelewesha saruji kushika. Mtu ataongeza chokaa, na chokaa ikizidi risasi inayeyuka tena kwenye maji. Tofali hizo zikiingia mtaani, nani atazifuata?

Mleta mada: Ahsante fundi, hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mchangiaji 1, wingi si kikwazo: Mkataba wa Basel wa 1989 unaruhusu taka hatari kuvuka mpaka kwa vibali, nchi inayopokea ikiridhia. Tuuze nje kwa wenye tanuru. Saruji ibaki kwa vumbi lenye zinki haba, nalo lipimwe maabara kabla ya kuzikwa. Gharama? Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilisambaza risasi hadi kwenye damu za watoto, na mwaka 2020 mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Ghala ni rahisi kuliko hapo.

Mnaofanya kazi viwandani, tuambieni: magunia ya vumbi yanapakiwa kwenda wapi sasa hivi?