Jasho la msambazaji lisiwe mtaji wa supamaketi: naunga mkono siku za kulipa ziwekwe kisheria

Swali lililo mezani ni hili: je, sheria ya Kenya iyalazimishe maduka makubwa kuwalipa wasambazaji ndani ya siku maalumu, au jambo hilo liachwe kwa mapatano ya mnunuzi na muuzaji? Kuna waliokwisha kusema kwamba Nakumatt, ile supamaketi kubwa iliyofilisika, iliangushwa na mikosi kama shambulio la Westgate, kwamba biashara huzaliwa na kufa, na serikali haina la kutafuta humo. Mimi nasema sheria iwekwe, tena yenye meno, na ushahidi wangu nautoa kwenye historia ya Nakumatt yenyewe.

Familia ya Shah, wenye Nakumatt, ilianza na biashara ya magodoro Nakuru. Miaka ilivyosonga, yule tembo wa nembo yao akawa anaonekana kwenye miji mikubwa ya Kenya, kisha akavuka mpaka: Kigali mwaka 2008, Kampala 2009, Moshi 2011. Mwaka 2014 wakachukua maduka matatu ya Shoprite nchini Tanzania. Kampuni ikawa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne. Tulijivunia, na tulikuwa na haki ya kujivunia, maana hapakuwa na duka la Afrika Mashariki lililowahi kujitandaza namna ile.

Sasa tuulize matawi hayo yalijengwa kwa pesa ya nani. Mikopo ya benki ilikuwepo, na hati za mikopo ya muda mfupi walizouziwa wawekezaji zilikuwepo. Lakini chini ya hayo yote palikuwa na mzigo wa msambazaji. Anapewa LPO, yaani hati ya kuagiza mzigo, anapeleka maziwa asubuhi, yananunuliwa kwa pesa taslimu kabla ya kesho kutwa, naye analipwa baada ya siku 60 au 90, akibahatika. Katika miezi hiyo yote pesa yake imekaa kwa mwenye duka bila riba na bila dhamana. Mwenye duka akiwa na tamaa ya kufungua tawi jingine, hiyo ndiyo pesa iliyo karibu na mkono wake. Na tawi jipya likifunguliwa, mzigo mpya unachukuliwa kwa mkopo, na ule ndio unaosaidia kulipa madeni ya zamani. Mzunguko huu hauna shida mauzo yanapopanda. Yakisimama kidogo tu, madeni yote yanadai kwa pamoja.

Upande wa pili msambazaji anateseka mara mbili. Ankara akishaitoa, VAT yake, yaani kodi ya ongezeko la thamani, inatakiwa KRA, mamlaka ya kodi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, awe amelipwa au hajalipwa. Kwa hiyo anakopa benki ili alipe kodi ya pesa ambayo hajaishika, akope tena ili wafanyakazi wapate mshahara. Riba ya mikopo hiyo ni yake peke yake. Hili linanikera kuliko yote, kwa sababu mzalishaji mdogo wa mtindi au unga anageuzwa kuwa mfadhili wa kampuni inayomzidi mara elfu.

Aliyetaja Westgate hajakosea. Shambulio la kigaidi la tarehe 21 Septemba 2013 katika jengo hilo la maduka jijini Nairobi liliua watu 67, na Nakumatt ikapoteza mojawapo ya matawi yake makubwa. Kabla ya hapo, Januari 2009, moto uliteketeza tawi lake la katikati ya Nairobi na kuua makumi ya watu. Hayo ni majonzi ya kweli, na sitaki kuyapunguza. Lakini baada ya Westgate kampuni iliendelea kupanuka. Yale maduka ya Shoprite yalichukuliwa mwaka uliofuata. Rafu zilikuja kubaki tupu mwaka 2017, wasambazaji walipochoka kupeleka mzigo usiolipwa na wenye majengo wakaanza kufunga milango. Januari 2018 mahakama ikaiweka chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe.

Matawi sita ya mwisho yaliuzwa kwa supamaketi shindani ya Naivas kwa shilingi milioni 422. Madeni yalikuwa zaidi ya bilioni 30. Hata wadai wangegawiwa hiyo yote, haifiki senti mbili kwa kila shilingi. Benki yenye dhamana huanza. Msambazaji asiye na dhamana husimama mwisho wa foleni, na unga wake ulishaliwa zamani.

Na si Nakumatt pekee. Supamaketi ya Uchumi, iliyoanzishwa na mashirika ya serikali mwaka 1975, ilifunga milango 2006, ikaokolewa, ikarudi soko la hisa 2011, ikapanuka Uganda na Tanzania, na mwaka 2015 ikafunga huko kote na kuacha wasambazaji wakidai. Mwaka 2020 ikawa zamu ya supamaketi ya Tuskys.

Wengine watasema sheria ipo. Ni kweli, marekebisho ya mwaka 2019 yaliiongezea Mamlaka ya Ushindani nguvu juu ya wanunuzi wakubwa, na Desemba 2023 iliitoza Majid Al Futtaim, inayoendesha Carrefour, faini ya shilingi bilioni 1.1 kwa jinsi ilivyowatendea wasambazaji wawili. Nilifurahi. Ila mmoja wa hao wawili ni Pwani Oil, kampuni yenye mawakili na jina. Mama anayesambaza mboga Ruiru atamshtaki mnunuzi anayechukua nusu ya mazao yake? Atanyamaza, maana siku ya pili LPO haiji.

Hoja pinzani inayonipa kazi ni moja: kwamba maduka yakibanwa yatawaacha wasambazaji wadogo na kubaki na wakubwa. Hilo laweza kutokea. Ndiyo maana napendekeza siku 30 kwa maziwa, mkate, nyama na mboga, siku 60 kwa bidhaa nyingine, riba ianze kuhesabika yenyewe siku zikipita bila mtu kushtaki, na mzigo usiolipwa ambao bado uko rafuni ubaki mali ya aliyeupeleka, mfilisi asiuguse. Dawa ya deni ni kulipa, na duka lililokwisha kuuza mkate kwa pesa taslimu haliwezi kusema halina. Mnaopinga, niambieni: kwa mkate ulioliwa Jumanne, siku ngapi zinawatosha?