Tupeane uzoefu: zoezi gani lilikufanya uchukie mazoezi, na nini kilikurudisha?

Raba Mbovu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu si wa kukata kitambi, hizo nyuzi zipo tele. Nataka tuongelee unavyojisikia ukiwa katikati ya tizi. Sio baada ya kuoga, maana hapo kila mtu ni shujaa. Nasema palepale, dakika ya nane, jasho linaingia machoni.

Naanza na yangu. Januari mwaka jana nililipia jimu moja Sinza, miezi mitatu kwa mkupuo ili nisipate sababu ya kuacha. Siku ya kwanza mwalimu akaniweka kwenye mashine ya kukimbilia, akapandisha spidi mwenyewe, kila nikimwangalia anasema "vumilia". Tukashuka hapo tukaenda kuruka kichurachura. Jamani, kichurachura! Mara ya mwisho nilirukishwa nikiwa darasa la sita, kwa kuchelewa namba. Nimetoa hela yangu nikanunua adhabu ya shule. Siku nne nilishuka ngazi kinyumenyume. Nilikwenda mara tano, zilizobaki nikawaachia.

Nikajiita mvivu mwaka mzima. Baadaye nikakutana na kazi za mtafiti mmoja, Panteleimon Ekkekakis, aliyetumia miaka mingi Marekani akichunguza raha na karaha ya mazoezi. Anasema zoezi likiwa jepesi au la wastani, wengi wetu tunajisikia vizuri. Kuna mahali pumzi inabadilika, sentensi haiishi bila kuhema; hapo watu wanagawanyika, mmoja anafurahia na mwingine anateseka. Ukipita hapo ukaendelea kukaza, karibu kila mtu anaumia, ila ukisimama tu nafuu inakuja haraka. Ndiyo maana tunadanganyana kwamba zoezi lilikuwa tamu, kumbe kitamu kilikuwa kuacha.

Mwaka 2006 yeye na mwenzake walichapisha utafiti wa wanawake kwenye mashine kama ile yangu. Wenye uzito uliozidi walipoachiwa wachague mwendo wao, mambo yakawa shwari. Walipoongezewa asilimia 10 tu juu ya ule waliochagua, raha ikaanza kushuka dakika hadi dakika. Asilimia 10! Mwalimu wangu nadhani alizidisha mara mbili.

Haya, shusheni zenu.

Kijasho cha Temeke

Pole mkuu. Sisi Temeke jogging inatoka Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri, jua halijaamka. Anayeongoza anaimba, kundi linaitikia, tunashika Barabara ya Kilwa. Kipindi cha mwanzo nilijitia kukaa mbele na vijana. Kufika Mtoni Mtongani mdomo uko wazi, kiitikio hakitoki. Mzee mmoja akanivuta fulana kwa nyuma: "Kijana, ukishindwa kuitikia rudi huku, wimbo ndio spidi yako."

Nilirudi nyuma kwa kina mama na mzee mwenyewe. Sasa natimiza mwaka wa tatu. Cha ajabu, nikikimbia peke yangu kilomita tatu naangalia saa kila baada ya nguzo mbili za umeme. Na kundi, tisa zinaisha nikiwa bado namcheka mtu.

Mama wa Tabata

Wanangu, shikamooni hamjatoa lakini naitikia, marahaba.

Nina miaka 58, sukari ninayo tangu 2017. Nesi wa kliniki hakunipa mashine wala saa. Aliniambia, "Mama, tembea mwendo ambao unaweza kuongea lakini kuimba huwezi." Nusu saa, siku tano kwa wiki, ndiyo zile dakika 150 wanazozitaja Shirika la Afya Duniani. Sasa huyu wa Temeke anakimbia anaimba, sijui nesi wangu angesemaje.

Natembea na jirani yangu kuanzia Kimanga. Umbea tunaugawa: kwenda ni zamu yake, kurudi yangu. Nikiona nimekatisha habari tamu kwa ajili ya kuhema, tunapunguza.

Kilichonifanya nichukie hakikuwa pumzi. Siku ya pili tu, kijana wa bodaboda alinipitia akasema, "Bonge, hiyo lami ni kodi yetu." Wenzake wakacheka. Palikuwa tambarare kabisa pale, lakini moyo ulinienda mbio kama napanda mlima na miguu ikawa ya saruji. Niliacha miezi miwili. Nilirudi na jirani, alfajiri, bado giza. Mbwa wapo, ila mbwa hawasemi bonge.

Chuma cha Ubungo

Mnadekezana humu. Mimi napandisha mlima wa Chuo Kikuu mara kumi, nikishuka nimeona nyota ndiyo najua nimefanya kazi. Bila kuteseka mwili haubadiliki.

Raba Mbovu

Mkuu, sikupingi, nimesema watu wanagawanyika na wewe uko upande wako. Swali langu moja: mlipoanza mlima huo mlikuwa wangapi?

Chuma cha Ubungo

Kumi na mmoja.

Tumebaki wawili. Mwingine ni mdogo wangu, nalala naye chumba kimoja, hana pa kukimbilia.

Ila hata mimi najipima, sio kichaa. Kocha wetu alitufundisha kipimo cha Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Uswidi. Unajiuliza nguvu unazotumia ni namba ngapi, kuanzia 6 mpaka 20. Nilidhani 6 ni kosa la chapa. Kumbe kwa mtu mzima, zidisha namba yako kwa 10 unakaribia mapigo ya moyo kwa dakika: umekaa tu ni 60, uko hoi ni 200. Sasa mlima uleule, mwendo uleule, Julai naupa 13. Februari unanipa 16. Unyevu wa Dar unajua mwenyewe, jasho linatoka lakini halikauki, damu inakimbilia kwenye ngozi kupoza mwili, moyo unabaki na kazi mbili. Kwa hiyo anayeanza mazoezi Januari mjini hapa halafu anajiona hafai, achague mwezi mwingine.

Raba Mbovu

Hiyo ya Januari imenigusa ubavuni.

Niseme kilichonirudisha, nilikuwa nimesahau. Daraja la Tanzanite. Lina kama kilomita moja juu ya maji. Naanzia upande wa Coco, kwenda nakaza, kurudi naachia mpaka namaliza kwa matembezi huku upepo wa bahari unanipiga. Zamani nilifanya kinyume, mwisho ndio nilikuwa najimaliza. Kina Ekkekakis walijaribu jambo hilo mwaka 2016: walioanza na ukali wakamalizia na wepesi walilikumbuka zoezi kwa uzuri zaidi kuliko waliopandisha taratibu. Kwangu imefanya kazi. Kesho yake nikifikiria mazoezi, kinachonijia ni ule upepo.

Mkokoteni

Nimesoma kuanzia juu nacheka peke yangu. Nasukuma mkokoteni Kariakoo mwaka wa tisa huu. Pumzi kukata, jasho machoni, miguu ya saruji, vyote ninavyo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi na silipii jimu. Sijawahi hata siku moja kujisikia vizuri nikiwa katikati ya mzigo. Mnaongelea kuchagua spidi. Spidi yangu anachagua mwenye mzigo, na nyuma kuna gari linapiga honi.

Ila kuna kitu sikielewi. Jioni nikifika Buguruni, mwili umekufa, vijana wakiita chandimu naingia. Nakimbia mpaka hatuoni mpira. Sichoki, au nachoka lakini siumii. Miguu ni hiihii. Nielezeni wasomi.

Raba Mbovu

Kaka, wengi watakwambia endofini, kemikali ya mwili inayopunguza maumivu. Ile ya kwenye damu haipiti kirahisi kuingia kwenye ubongo, kwa hiyo siku hizi watafiti wanaangalia pia kemikali ambazo mwili unajitengenezea zinazofanana na za kwenye bangi (utani pelekeni uzi mwingine). Lakini mkokoteni nao unatoa jasho. Kemikali peke yake hainijibii swali lako.

Mama wa Tabata

Mwanangu, huko kwenye mpira hakuna anayekufokea.

Mkokoteni

Wananifokea sana mama, mimi ni beki. Ila nikichoka naingia golini.